Mary Fields: Mwanamke aliyeshika hatamu

Simama stejini Chwele siku ya soko, useme unatafuta dereva. Utaonyeshwa mwanamume, ingawa neno lenyewe halina mume wala mke. Dereva ni dereva, konda ni konda. Ni mpaka mwanamke akae kwenye usukani ndipo tunaongeza: dereva wa kike.

Kwa Kiingereza ilikuwa noma zaidi. Enzi za magari ya farasi, jina la anayeshika hatamu liliishia kwa neno lenye maana ya mwanamume. Mwanamke angeitwaje?

Mary Fields alizaliwa mtumwa Tennessee, Marekani, mnamo 1832 hivi. Utumwa ulipofutwa 1865 akawa huru, baadaye akafanya kazi kwa watawa huko Toledo, Ohio. Mnamo 1885 akasikia rafiki yake, Mama Amadeus, anaugua Montana, kwenye baridi ya kuganda. Akafunga safari, akamuuguza mpaka akapona, kisha akabaki hapo misheni ya St. Peter's akifua, akilima, akifuga kuku na kuleta mizigo kwa gari la farasi.

Lakini mama huyu hakuwa mtu wa kuchezewa. Mnamo 1894 aligombana na mfanyakazi mmoja wa kiume hadi bunduki zikatolewa, na askofu akamfukuza. Akafungua mkahawa katika mji wa Cascade, ukaanguka. Inasemekana alikuwa akiwalisha hata wasio na senti.

Ndipo mnamo 1895, akiwa na miaka sitini na kitu, akapata kandarasi ya kupeleka barua kati ya Cascade na misheni. Wanasimulia kwamba aliwashinda wanaume kwa kufunga farasi sita kwenye gari haraka kuliko wote. Akawa mwanamke wa kwanza mweusi Marekani kupewa kandarasi ya aina hiyo. Theluji ikizidi farasi nguvu, alibeba mfuko wa barua begani, akatembea.

Watu wakambandika jina la gari lenyewe: Stagecoach Mary. Kusema kweli gari la aina hiyo lilikuwa la abiria, na yeye alibeba barua. Nadhani walikosa tu neno la kazi linalomtosha.

Aliacha kazi hiyo 1903, akarudi kufua nguo za watu. Nyumba yake ilipoungua 1912, wenyeji wakamjengea nyingine. Alifariki 1914, akazikwa Cascade, kando ya barabara inayoelekea misheni.