Kapteni Grant: Mwanajeshi aliyekwama Kahama akashika maua

Ukitaja Granti, wengi wanamfikiria swala wa Serengeti. Mwenye jina alikuwa James Augustus Grant, mwanajeshi wa Uskoti aliyezaliwa Nairn mwaka 1827.

Mwaka 1857 alijeruhiwa mkono wa kulia vitani Lucknow, India. Miaka mitatu baadaye alitoka Zanzibar na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1861 Speke akatangulia kusaka wapagazi, Grant akabaki miezi kadhaa Ukuni, Kahama ya leo mkoani Shinyanga, kwa mtemi Ukulima.

Hapo ndipo mimea ilipomkolea. Kazi yenyewe si mchezo: ua likikatwa linasinyaa siku hiyohiyo, na likikaushwa kwenye karatasi rangi inapotea. Kwa hiyo alichora, akaandika rangi yake, lilipoota, wenyeji wanaliitaje na wanalitumia kwa kazi gani. Yote hayo kwa mkono ule mbovu.

Septemba mwaka huohuo nusura yapotee. Msafara ukielekea Uzinza, upande wa Geita ya sasa, watu wa mtemi Myonga waliuvamia. Wapagazi wakatupa mizigo na kukimbia. Sehemu ilirudishwa, nyingine ndiyo hivyo tena.

Alipofika Karagwe mguu ukavimba na kutunga usaha, akalala miezi bila kutembea. Julai 1862 Speke alikwenda peke yake kuona Nile inapotoka ziwani. Sifa zikawa za Speke. Grant hata hakuwepo.

Lakini mimea yake ilifika bustani ya Kew, London. Profesa Daniel Oliver akaitambua mmoja mmoja. Kati ya 1872 na 1875 ikatoka kazi kubwa yenye picha zaidi ya 100 za Walter Hood Fitch, fundi aliyeweza kuchukua jani kavu lililobanwa kama karatasi na kulichora kama limechumwa asubuhi. Pembeni unakuta ua limepasuliwa, kila kiungo kikionekana.

Grant mwenyewe aliongezea kitu ambacho wataalamu wa Kew wasingekipata kwenye jani kavu: orodha ya majina ya mimea kama wenyeji walivyoyatamka.

Alifariki Nairn, Februari 1892. Michoro yake ya safari iko Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh.