Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na Mshahara wa Rangi



Ukishuka basi pale Makambako unakuta njia panda: barabara moja inakwenda Mbeya, nyingine Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA iko jirani. Wengi wetu tumepita pale tukitafuta maisha. Babu zetu wa Njombe nao waliondoka, ila wao waliitwa manamba, kwa sababu kila kibarua alipewa namba. Walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakirudi na hela ya kodi na vitu vichache vya nyumbani. Wenye mashamba kwa kawaida walikuwa Wazungu, maduka mengi yalikuwa ya Waasia. Hata serikalini mshahara ulifuata rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini.

Katika nchi hiyo alizaliwa Kambarage, Butiama, mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Alibatizwa mwaka 1943 kwa jina la Julius. Akasoma Makerere, akafundisha St. Mary's Tabora, akaenda Edinburgh, na mwaka 1952 akarudi na shahada yake. Akawa mwalimu Pugu, akamwoa Maria mwaka 1953. Angeweza kutulia tu, maana Mwafrika mwenye shahada wakati ule alikuwa mtu mkubwa. Lakini Julai 1954 TANU ikazaliwa, naye akawa rais wake. Mwaka uliofuata ilibidi achague, siasa au ualimu. Akaacha kazi, akaacha na mshahara.

Sasa angalia jambo hili. Oktoba 1961, uhuru ukiwa mlangoni, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Ingekuwa rahisi kulipiza kisasi. Mwalimu alikataa katakata, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kumpima mtu kwa rangi. Kwake, dhambi ile ya mkoloni haikugeuka kuwa haki eti kwa sababu imeshikwa na mkono mweusi.

Rangi ikatoka kwenye sheria, pengo likabaki. Safari hii lilikuwa kati ya msomi na mkulima. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa mshahara. Mwalimu alikasirika kweli, akawarudisha nyumbani karibu 400. Ila hakuishia kwao. Papo hapo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha.

Je, alikosea? Ndiyo, alikosea mahali. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na huku kwetu wazee bado wanakumbuka. Chakula kilipungua, maduka yakawa matupu. Usawa uliosukumwa kwa nguvu uliumiza hao hao maskini. Yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba makosa yalifanyika, akang'atuka urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, ndiyo maana tunamwita Mtumishi wa Mungu. Kanisa halisemi kwamba siasa yake yote ilikuwa sahihi. Linachunguza jinsi alivyoishi imani yake, mtu aliyekuwa akihudhuria Misa mara kwa mara hata akiwa na mambo ya nchi nzima kichwani.

Kijana wa Njombe, leo una shamba la parachichi au unauza mbao Makambako. Una kibarua wako. Unamlipa kwa wakati? Unamjua jina, au kwako yeye ni namba tu? Mwalimu alianza na mfuko wake kabla ya kugusa wa wengine. Jioni ya leo, kabla ya kulala, fungua wako mbele ya Mungu uone una deni la nani. Kesho asubuhi, kamlipe.

Mtumishi wa Mungu Julius atuombee kwa Baba. Amina.