Dutton: Daktari aliyeuawa na homa ya papasi akiwa na miaka 30

Kolo, wilayani Kondoa, inajulikana kwa michoro ya miambani iliyoingizwa na Unesco kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Lakini ukiacha michoro, wazee wa mkoa wa Dodoma wanamfahamu vizuri papasi, mdudu anayejificha kwenye nyufa za nyumba za tembe. Anatoka usiku, ananyonya damu kwa nusu saa hivi, kisha anarudi zake ufani. Mara nyingi aliyelala hata hashtuki.

Bakteria anayebebwa na mdudu huyo anaitwa Borrelia duttonii. Jina hilo la pili linatokana na mtu: Joseph Everett Dutton.

Alizaliwa Uingereza Septemba 1874, akasomea udaktari Liverpool. Kabla hajatimiza miaka 30 alikuwa ameshafika Nigeria na Gambia. Gambia ndiko alikopatia sifa. Nahodha mmoja wa meli alikuwa anaumwa homa iliyodhaniwa kuwa malaria, na daktari aliyemtibu, Forde, akaona kwenye damu yake vijidudu asivyovijua. Mwaka 1901 Dutton alivitazama akavitambua. Kumbe ndivyo vinavyoleta malale.

Mwaka 1903 akaenda Kongo, wakati huo koloni la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, pamoja na mwenzake John Todd. Walifuata malale, lakini huko mashariki wakakutana na homa nyingine. Wenyeji walikuwa wameshasema siku nyingi kwamba inaletwa na papasi. Wazungu wengi hawakuwasikiliza.

Dutton na Todd walisikiliza, wakafanya majaribio. Walikusanya papasi kwenye vibanda, wakawaacha wawaume nyani. Nyani wakaugua, na damu yao ikajaa vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama springi. Waligundua pia kwamba papasi wachanga, ambao hawajawahi kunyonya damu ya mgonjwa, nao waliambukiza. Yaani walirithi kutoka kwa mama. Mwaka huohuo wa 1904, madaktari Ross na Milne nao walionyesha kule Uganda kwamba papasi ndiye msambazaji. Mwaka 1905 Mjerumani Robert Koch, akiwa Tanzania bara ya leo, akawaona vijidudu hao ndani ya mayai ya papasi.

Ugonjwa wenyewe una ujanja wake. Homa kali inakuja ghafla, na baridi, kichwa kuuma, viungo kuuma, pengine kutapika. Baada ya siku chache inashuka, mtu anaona amepona, anarudi shambani. Wiki moja hivi inapita, homa hiyo tena! Bakteria huyo hubadili sura yake ya nje, kinga ya mwili ikawa haimtambui.

Hapo ndipo anapochanganywa na malaria hadi leo. Kipimo cha haraka cha malaria hakimwonyeshi kabisa. Anaonekana damu ikitazamwa kwa hadubini, tena ichukuliwe wakati homa iko juu, kwa sababu homa ikishuka anaadimika kwenye damu. Mjamzito anaweza kupoteza mtoto. Antibaiotiki zinatibu, ila dozi ya kwanza inaweza kumzidishia mgonjwa homa kwa muda, hivyo inafaa aitumie akiwa chini ya uangalizi. Mvumi, mkoani Dodoma, kupulizia dawa nyumba zenye papasi kulipunguza homa hiyo kwa watoto chini ya miaka mitano. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998.

Dutton hakupata dawa hizo, zilikuwa bado hazijagunduliwa. Yeye na Todd wote waliambukizwa. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, kwenye mji wa wasemaji wa Kiswahili uliounganishwa na Bagamoyo na njia ya misafara iliyopita Ujiji, Tabora na Ugogo. Ripoti ya papasi ilichapishwa Novemba mwaka huo, yeye akiwa kaburini.

Jina lake liliendelea kusafiri. Karibu nusu karne baadaye, kijana wa Uswisi aitwaye Willy Burgdorfer alifanyia udaktari wake wa falsafa mjini Basel juu ya papasi na bakteria huyuhuyu wa Dutton. Akahamia Marekani. Mwaka 1981, akiwa anapasua kupe waliotoka Long Island, New York, aliona ndani ya matumbo yao vijidudu vilivyojisokota, vya aina aliyoizoea tangu Basel. Ndio waliokuwa wakileta ugonjwa wa Lyme, uliokuwa umewasumbua madaktari wa huko tangu miaka ya 1970. Bakteria huyo, ndugu wa yule wa Kasongo na Dodoma, akaitwa Borrelia burgdorferi.