John Browning: Fundi wa Ogden aliyeitafutia bunduki ya mwindaji njia ya kujipakia risasi

Mwindaji akifyatua bunduki, bega lake linapigwa teke. Teke hilo ni nguvu ya baruti, na kwa miaka mingi wawindaji waliliona kama maumivu tu ya kuvumilia. John Moses Browning aliliona kama kibarua asiyelipwa: kwa nini nguvu hiyo isitoe ganda tupu na kuingiza risasi nyingine?

Wengi leo wanalijua jina lake kwa sababu ya bastola na silaha za vita. Ni kweli, bastola iliyomuua mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria mjini Sarajevo mwaka 1914, tukio lililowasha Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa ya mchoro wake. Lakini jamaa huyu alianzia porini, akitafuta kitoweo.

Alizaliwa Januari 23, 1855 mjini Ogden, Utah, Marekani. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi bunduki na Mmormoni aliyefika huko mwaka 1852 na waumini wenzake waliohama Illinois baada ya kuandamwa na majirani. Mzee Jonathan alikuwa na wake watatu na watoto 22, kwa hiyo mikono ya kusaidia karakana haikukosekana.

Familia yake ilisimulia kwamba John akiwa na miaka kama 10 hivi, siku baba alipotoka, aliokota mtutu wa bunduki mbovu, akaufunga kwa waya kwenye ubao aliouchonga mwenyewe. Hapakuwa na kifaa cha kuwasha baruti, basi mdogo wake Matthew akabeba kopo la makaa ya moto. Walirudi na ndege wa porini. Asubuhi yake mzee alikula nyama, akaikagua ile bunduki, kisha akamwambia mwanawe kwamba kwa umri wake alitegemea kazi nzuri zaidi.

Mwaka 1879 ulimletea mengi kwa mpigo. Aprili alimwoa Rachel Teresa Child, Juni baba yake akafariki, Oktoba akapata hataza ya bunduki yake ya kwanza, ya risasi moja moja. Yeye na ndugu zake wakatengeneza takriban 600 katika karakana ndogo ya Ogden. Moja ikaonwa na wakala wa kampuni ya Winchester, na mwaka 1883 bosi wa kampuni hiyo, Thomas Bennett, akapanda treni kutoka Connecticut hadi Utah kumtafuta fundi huyo asiyejulikana. Alinunua haki za bunduki ile kwa dola 8,000.

Kuanzia hapo Winchester ilinunua karibu kila alichobuni. Nyingine hazikuwahi kutengenezwa kabisa. Kampuni ilizilipia ili washindani wasizipate. Kati ya zilizotoka, Model 1894 ikawa bunduki ya kulungu ya Wamarekani wengi.

Model 1895 nayo inatugusa huku Afrika Mashariki. Bunduki za wenzo zilizotangulia zilipanga risasi kwenye bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha nyingine, kwa hiyo risasi zenye ncha kali zilikuwa hatari. Hii ilipewa magazini ya kisanduku, ikaweza kula risasi ndefu zenye nguvu. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake kubwa ya uwindaji, mojawapo ya bunduki alizokuja nazo ilikuwa Model 1895 ya risasi za .405, na aliitumia kuwapiga simba. Hata hivyo, ilikuwa bado ya kuvuta wenzo kwa mkono kila baada ya risasi.

Nyasi zilizolala

Wazo la kuachana na mkono lilimjia mwaka 1889, muda mfupi baada ya kurudi kutoka kazi ya umisionari huko Georgia. Akiwa kwenye shabaha karibu na nyumbani, aliona kila mwenzake alipofyatua, nyasi zilizo mbele ya mtutu zinalala. Wengine waliona upepo, yeye akaona injini. Akachukua bunduki ya wenzo, akaitegea kifaa mbele ya mtutu kinachosukumwa na gesi ya baruti, na muda si mrefu ilikuwa ikijiendesha.

Hakuwa wa kwanza duniani. Hiram Maxim alishatumia teke la risasi kuendesha bombomu lake tangu miaka ya 1880. Ila bombomu la Maxim lilihitaji kubebwa na watu kadhaa. Kuiweka akili hiyo ndani ya bunduki ya mtu mmoja anayepanda mlima kumfuata mnyama, hiyo ilikuwa kazi nyingine.

Mwaka 1900 alipata hataza za silaha mbili za aina hiyo. Moja ilikuwa shotigani, bunduki ya marisau, ya kujipakia. Nyingine ilikuwa raifo ya mwindaji.

Shotigani ndiyo iliyovunja ndoa yake na Winchester. Mara hii hakutaka kuuza moja kwa moja. Alitaka mrabaha kwa kila bunduki itakayouzwa. Bennett akakataa. Browning akafungasha, akaenda ofisi za Remington kumwona mkuu wao, Marcellus Hartley. Ilikuwa Januari 8, 1902. Akiwa bado anasubiri kuitwa ndani, akaambiwa Hartley amefariki ghafla kwa moyo. Hakukaa kulia bahati mbaya. Alipanda meli hadi Ubelgiji, kwenye kiwanda cha FN kilichopo Herstal karibu na Liège, ambacho tayari kilikuwa kikitengeneza bastola zake, akaagiza yeye mwenyewe shotigani 10,000. Fundi wa kijiji anayejiagizia mzigo wa namna hiyo si mtu wa mchezo.

Remington ilirudi mezani baadaye, na mwaka 1906 ikaanza kuuza ile raifo. Ndiyo iliyokuja kuitwa Model 8.

Ilivyofanya kazi inastahili kuelezwa. Mtutu ulikuwa ndani ya ala ya chuma, na ungeweza kuteleza. Risasi ikilipuka, mtutu na bolti vilirudi nyuma pamoja, vikiwa vimefungana, hadi mwisho. Hapo bolti ilishikiliwa, mtutu ukarudi mbele peke yake kwa springi na kuliacha ganda tupu lidondoke. Kisha bolti ikafuata, ikiingiza risasi mpya. Mwindaji alikuwa na risasi 5, na kila alipovuta kifyatulio ilitoka moja. Washindani wa Winchester walitumia bolti isiyojifunga, iliyozuiwa na uzito wake tu, na kadiri risasi ilivyokuwa na nguvu ndivyo chuma kilivyozidi kuwa kizito. Browning alikwepa mtego huo.

Si kila mtu alifurahi. William Hornaday, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya New York, alipiga kelele kwamba shotigani za kujipakia zitamaliza ndege na wanyama wa Marekani, akataka zipigwe marufuku. Hoja yake ilikuwa na uzito: mnyama aliyekuwa akipona wakati mwindaji anahangaika na wenzo sasa alipoteza nafasi hiyo.

Tatizo la ganda refu

Model 8 ilikuwa na mpaka wake. Risasi zake, kama .35 Remington, zilikuwa za urefu wa kati, ganda la milimita 49 hivi. Zilitosha kwa kulungu msituni. Lakini mwaka uleule wa 1906 jeshi la Marekani lilitoa .30-06, ganda la milimita 63, na wawindaji wakaipenda kwa sababu inafika mbali na kuangusha mnyama mkubwa. Ganda refu linataka bolti isafiri umbali mrefu zaidi, na baruti nyingi inazipiga sehemu zinazosogea kwa nguvu zaidi. Kila suluhisho linaongeza uzito.

Browning alilitatua hilo, ila kwa askari. Februari 1917, mjini Washington, alionyesha silaha inayoendeshwa kwa gesi na kula .30-06 bila kusita. Ni BAR, iliyoingia vitani Ufaransa Septemba 1918, huku mwanawe Val, akiwa luteni, akiwafundisha wanajeshi kuitumia. Kwa haki za silaha zake za vita, serikali ilimpa dola 750,000. Mrabaha wa kawaida, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, ungezidi dola milioni 12. Mtu aliyegombana na Winchester kwa ajili ya mrabaha alikubali bila kubishana, kwa kuwa nchi ilikuwa vitani.

BAR ilikuwa na uzito wa kilo 7 na ushei. Askari kijana aliibeba kwa amri. Mwindaji wa kawaida, aliyezoea bunduki ya nusu ya uzito huo, asingekubali kupanda nayo mlima.

Novemba 26, 1926, akiwa Herstal kwa kazi ya shotigani mpya ya mitutu miwili iliyolaliana, Browning alijisikia vibaya, akalala kwenye kochi ofisini kwa Val. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 71 na hataza 128. Mwili ulirudishwa Marekani kwa heshima za kijeshi, akazikwa Ogden. Shotigani ile ilimaliziwa na Val.

Model 8 iliendelea kuuzwa hadi 1936, na mrithi wake, Model 81, hadi 1950. Polisi nao waliipenda: ilikuwemo mikononi mwa waliowavizia majambazi Bonnie na Clyde huko Louisiana Mei 1934.

Ganda refu lilisubiri. Mwaka 1955 Remington ilitoa Model 740, raifo ya kuwindia inayojipakia .30-06 kwa nguvu ya gesi. Kisha mwaka 1967 ikaja ya ukoo wenyewe, iliyosimamiwa na Bruce Browning, mtoto wa Val, pamoja na mafundi wa FN. Gesi iliyoipinda nyasi za Ogden sasa ilisukuma pistoni ndogo chini ya mtutu, kichwa cha bolti kikazunguka na kufunguka. Ilikula .30-06, .270 na hata risasi za magnamu, ikiwa na uzito wa chini ya kilo 4. Waliiita BAR, jina lilelile la silaha ya babu, na ikatengenezwa Herstal, kwenye kiwanda alikofia.