ERNIE PYLE: MWANDISHI ALIYEZIKWA KATI YA ASKARI

Katika mji wa Jinja, karibu na mahali mto Naili unapoanza safari yake, yako makaburi ya vita ambamo wamelala askari waliofariki katika siku za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Jiwe la kaburi la askari husema maneno machache tu: namba, cheo, jina, kikosi na tarehe. Halisemi kama marehemu alikuwa mcheshi au mkimya, wala halitaji mama aliyemngojea Mbale au Busoga. Kwa ajili ya upungufu huo tumeona vema leo kuwasimulia ndugu zetu askari na polisi maisha ya mtu mmoja wa mbali, ambaye kazi yake vitani ilikuwa kuhakikisha kwamba askari mdogo hapotei bila ya kujulikana jina lake na kwao.

Mtu huyo ni Ernest Taylor Pyle, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Ernie Pyle. Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1900 katika shamba karibu na mji mdogo wa Dana, jimbo la Indiana, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alikuwa mtoto wao wa pekee. Kazi ya shamba hakuipenda. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokaribia kwisha alijiandikisha katika jeshi la akiba la wanamaji, lakini amani ilipatikana kabla hajaona vita. Akaingia Chuo Kikuu cha Indiana, na mwaka 1923 akakiacha bila ya kuhitimu ili ashike kazi ya gazeti.

Mwaka 1925 alimwoa Geraldine Siebolds, ambaye watu walimwita Jerry. Tangu mwaka 1935 alizunguka na mkewe katika Marekani yote, akiandika habari za watu wa kawaida: wakulima, wachimba migodi, wauza maduka, wazee wa vijijini. Wakubwa hakuwafuata sana. Katika safari hizo alijifunza kukaa na mtu asiyejulikana, kumsikiliza kwa subira, na kumwandika kwa heshima. Hakujua kwamba alikuwa akijiandaa kwa vita.

Mwishoni mwa mwaka 1940 alikwenda London, akauona mji ule ukiwaka moto chini ya mabomu ya Wajerumani. Mwaka 1942 akafuata majeshi ya Marekani huko Afrika ya Kaskazini, kisha Sisilia na Italia. Alikuwa mtu mwembamba, mdogo wa umbo, mwenye maradhi ya mara kwa mara, na umri wake ulikwisha pita miaka 40. Hata hivyo hakukaa makao makuu pamoja na majemadari. Alilala ardhini na askari wa miguu, akala chakula chao, akanyeshewa na mvua pamoja nao. Kila alipomtaja askari aliandika jina lake kamili na mji wake wa nyumbani. Mamia ya magazeti yalichapa habari zake, na wazazi wengi walizisoma kwa matumaini ya kuona jina la mtoto wao.

Mwezi wa Desemba 1943, karibu na San Pietro nchini Italia, aliuawa kapteni mmoja kijana aliyeitwa Henry Waskow, aliyependwa mno na askari wake. Pyle alikuwapo usiku ule maiti zilipoteremshwa mlimani juu ya migongo ya nyumbu. Aliandika jinsi askari walivyokuja mmoja mmoja kumuaga mkubwa wao aliyelazwa chini kando ya ukuta wa mawe. Habari hiyo haina sifa za ushindi wala matusi kwa adui. Ndani yake mna huzuni ya watu waliompoteza mwenzao, basi. Ilipochapishwa mwezi wa Januari 1944 iliwatoa watu machozi nchini kote.

Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Pulitzer, ambayo ni heshima kubwa kwa mwandishi wa Marekani. Lakini tunadhani askari walimkumbuka zaidi kwa jambo jingine. Pyle aliona kwamba warushaji wa ndege hulipwa nyongeza kwa hatari ya kazi yao, na askari wa miguu, aliye karibu na kifo kila siku, hana nyongeza hiyo. Akaandika kuitetea haki yao. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwaongezea dola 10 kwa mwezi, na watu wakaiita sheria hiyo kwa jina la Pyle.

Mwezi wa Juni 1944 alishuka pwani ya Normandy siku moja baada ya shambulio kuu. Tarehe 25 Julai, karibu na Saint-Lô, ndege za Marekani ziliangusha mabomu kwa makosa juu ya askari wa Marekani wenyewe. Pyle alikuwa miongoni mwao, akaponea chupuchupu. Baada ya hapo nguvu zilimwishia, na mwezi wa Septemba akarudi kwao. Hakujifanya shujaa, aliwaambia wasomaji wake waziwazi kwamba amechoka na kwamba anaogopa. Lakini kulikuwa na askari wengine waliokuwa wakipigana na Wajapani katika bahari ya Pasifiki, naye akaona si haki kuwaacha. Mwanzoni mwa mwaka 1945 akaenda.

Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 1945, katika kisiwa kidogo cha Ie Shima karibu na Okinawa, Pyle alikuwa ndani ya jipu pamoja na Luteni Kanali Joseph Coolidge na askari wengine. Bombomu la Wajapani likawafyatulia risasi. Wote wakaruka wakajitupa mtaroni. Baada ya kitambo Pyle aliinua kichwa kutazama kama wenzake wamesalimika. Risasi ikampata kwenye kipaji upande wa kushoto, chini kidogo ya kofia yake ya chuma, akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 44. Kitendo chake cha mwisho hapa duniani kilikuwa kuwaangalia wenzake.

Mpiga picha wa jeshi, Alexander Roberts, alitambaa chini ya hatari ile ile mpaka alipolala marehemu, akampiga picha. Pyle anaonekana amelala chali, kofia ya chuma kichwani, mikono imekutana kifuani, na damu kidogo pembeni mwa mdomo. Uso wake umetulia kama wa mtu aliyelala usingizi. Wakubwa wa jeshi hawakukubali picha hiyo itolewe, kwa kumhurumia mjane wake, ambaye alikuwa mgonjwa. Haikujulikana sana na umma mpaka mwaka 2008, miaka zaidi ya 60 baadaye. Jerry naye alifariki mwezi wa Novemba 1945.

Askari walimtengenezea sanduku la mbao, wakamzika kofia ya chuma ikiwa kichwani mwake, katika safu moja na waliouawa kisiwani humo. Upande mmoja alilala askari wa miguu asiye na cheo, na upande wa pili askari mhandisi. Mwaka 1949 mwili wake ulihamishiwa makaburi ya taifa ya Honolulu, visiwani Hawaii. Mnara uliojengwa na askari wa divisheni ya 77 mahali alipoanguka ungali unatunzwa. Mwaka 1983 alipewa nishani ya askari aliyejeruhiwa au kuuawa vitani, heshima ambayo raia huipata kwa nadra sana.

Sasa tuyarudishe macho yetu Jinja na Mbale. Katika mwaka ule ule wa 1944, wakati Pyle alipokuwa Ufaransa, Keya ya 4 ya Uganda ilikuwa katika bonde la Kabaw huko Burma, ndani ya matope na malaria, ikiwafukuza Wajapani kuelekea Kalewa. Hawakuwa na Pyle wao wa kumwuliza kila mmoja kijiji chake na kukiandika. Huko Taukkyan, karibu na Rangoon, yamechorwa majina karibu 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana, na Waafrika wamo. Wazee wa Keya karibu wote wamekwisha tangulia mbele ya haki. Kilichobaki ni picha ya zamani ukutani, nishani sandukuni, na mjukuu anayekumbuka nusu ya hadithi. Aliye na mabaki hayo nyumbani kwake ayatunze, na akiandike anachokijua kabla nacho hakijapotea.

Liko na jambo la pili, nalo ni la leo. Siku hizi kila askari na kila polisi ana simu yenye kamera mfukoni. Mwenzake akianguka kazini, au ajali ikitokea barabarani, picha ya maiti huweza kumfikia mama yake kabla ya barua ya mkuu wa kikosi. Hatusemi ukweli wa kifo ufichwe daima. Picha ya Pyle hatimaye ilionekana, nayo haikumvunjia heshima. Tunasema jamaa wa marehemu wana haki ya kuambiwa kwanza, kwa mdomo wa mtu, na kwa upole. Wakubwa wa mwaka 1945 waliizuia picha kwa sababu ya mwanamke mmoja mgonjwa. Sisi nasi, kabla ya kubonyeza simu, tujiulize ni nani nyumbani anayemngoja yule aliyelala pale.