Louis Pasteur na Siri ya Divai

Louis Pasteur alizaliwa Ufaransa tarehe 27 Desemba 1822. Baba yake, mtengeneza ngozi, alikaa na jamaa yake katika mji mdogo wa Arbois, penye mashamba mengi ya mizabibu. Huko mtoto aliona watu wakikamua zabibu na kutia maji yake katika mapipa. Lakini kwa nini maji yale matamu yaligeuka divai, hata wazee hawakujua.

Kila mgema wa Kasongo na Kabambare ayajua mambo hayo kwa malafu yake: asubuhi ni matamu, jioni ni makali, kesho kutwa yamekuwa siki. Pasteur alichungulia kwa hadubini, akahakikisha kwamba chachu ina uhai. Chachu hula sukari ya zabibu na kuigeuza kileo, ndiko kuchachuka. Ikiisha sukari yote, divai huitwa kavu, ingawa ni maji! Ikibaki sukari, huitwa tamu. Chachu iliyokufa hushuka chini ya pipa, nayo ni mashapo.

Mwaka 1863 Kaisari Napoleon III alimwomba achunguze kwa nini divai nyingi iliharibika. Pasteur akaona viumbe vingine, wala si chachu: hivi hufanya divai kuwa siki, hivi huifanya chungu, hivi huifanya iteleze kama mafuta. Hasara hiyo haikuwapata wakulima peke yao. Kanisa laamuru divai ya Misa iwe ya zabibu, tena isiwe imeharibika. Na padri wa Kasongo hupata yake kutoka mbali sana. Ikigeuka siki njiani, haifai altareni.

Basi Pasteur akapasha divai moto wa nyuzi 50 hadi 60, ili kuua viumbe hivyo. Watu wakanung'unika kwamba ladha itapotea. Wakaitwa waonjaji mashuhuri. Pasteur akawapa divai ileile katika vikombe viwili, nao wakaona tofauti!

Mwaka 1868 alipooza upande wa kushoto, lakini hakuacha kazi. Mwaka 1878 alifunika mizabibu yake karibu na Arbois kwa vyumba vya kioo, chachu isifike. Zabibu zikakamuliwa, na maji yake hayakuchachuka. Mwaka 1885 alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona.

Alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa kuu la Notre-Dame, Paris.