Askofu Festo Kivengere na Ushirika wa Ndugu

Kila msimu wa pamba unapokwisha na fedha kuingia mikononi, vilabu vya pombe hapa kwetu Bariadi navyo hujaa. Miongoni mwa wanaokaa huko wamo waliobatizwa katika Kanisa letu. Wako wanaotamani sana kuacha, ila hawajui waende kwa nani. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu tunaowapita njiani, tusimulie maisha ya hayati Askofu Festo Kivengere.

Festo alizaliwa mwaka 1919 huko Rukungiri, Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, katika ukoo wa watawala. Utotoni alichunga ng'ombe, kama watoto wengi wa Usukumani. Alisoma shule ya misheni, akabatizwa, akaenda Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, kisha akarudi kwao kufundisha. Lakini imani ilikuwa imemtoka. Alikunywa pombe sana, na habari za wokovu zilimuudhi.

Siku zile Uamsho ulikuwa ukienea. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyehudumu Gahini nchini Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Neno na kuomba pamoja. Mwaka 1935 moto huo ulifika Kabale, katika Kigezi. Walioguswa hawakuishia kulia kanisani tu. Walikutana mara kwa mara katika vikundi, Mwafrika na Mzungu, mkubwa na mdogo. Kila mmoja alisema mwenyewe mahali alipoanguka, wenzake wakamsikiliza na kumwombea, kisha wakaimba Tukutendereza. Aliyeiba alirudisha, na aliyekosana na mtu alikwenda kupatana naye.

Jumapili moja, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Festo alikuwa anatoka kunywa. Njiani alikutana na rafiki yake, mwalimu mwenzake, akija mbio kwa baiskeli. Rafiki huyo alimweleza kwamba saa chache zilizopita amempata Yesu, na akamwomba msamaha kwa mabaya waliyoyafanya pamoja. Jambo hilo lilimchoma moyo. Alikwenda nyumbani, akapiga magoti, akajitoa kwa Bwana.

Tangu hapo alijiunga na wale ndugu aliokuwa akiwadharau. Baadaye alipanda baiskeli akaenda kama kilomita 80 kumwomba radhi mmisionari Mzungu aliyekuwa akimchukia. Mwaka 1943 alimwoa Mera, na baada ya miaka michache walihamia Dodoma, ambako Festo alifundisha katika shule ya sekondari ya Alliance mpaka mwaka 1959. Mwaka 1960 alitafsiri kwa Kiswahili mahubiri ya Billy Graham huko Moshi. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa, Festo na Mera walikimbia kwa miguu kupita milimani hadi Rwanda. Hata hivyo aliandika kitabu kutangaza kwamba amemsamehe Idi Amin. Alirudi Uganda mwaka 1979, na akalala katika Bwana mjini Nairobi tarehe 18 Mei 1988.

Basi tunajifunza nini? Rafiki wa baiskeli hakumhubiria Festo kutoka juu. Alijisema yeye mwenyewe kwanza. Na Festo, baada ya kutubu, hakubaki peke yake.

Mwaka ule ule wa 1935, huko Akron, Marekani, walevi wawili waligundua jambo linalofanana na hilo: Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, na Bob Smith, daktari mpasuaji. Wilson alikuwa amesaidiwa na watu wa kanisa la Calvary mjini New York, lililo katika ushirika wetu wa Kianglikana. Aliona kwamba kumsaidia mlevi mwenzake kulimlinda yeye mwenyewe asirudi kunywa. Chama chao, Alcoholics Anonymous, sasa kina vikundi hata Nairobi na Dar es Salaam. Hakuna kiingilio, majina hayatangazwi, na sharti ni moja tu: kutaka kuacha pombe.

Ndugu unayetamani kuacha, usingoje kikundi kikubwa kutoka mjini. Wale wa Akron walianza wawili. Tafuta mmoja unayemwamini, au mwone kasisi au mwinjilisti wako. Wekeni siku moja ya juma na mahali pasipo kelele. Kila mtu ajisemee ya kwake, na yanayosemwa yabaki hapo hapo. Ukianguka, rudi juma lijalo. Kama umekunywa kila siku kwa miaka mingi, pita kwanza hospitali, kwa maana kuacha ghafula kunaweza kuleta degedege, hata kifo. Hiyo si aibu wala upungufu wa imani.

Na sisi wengine, wazee wa kanisa, akina mama na vijana, tuache kumcheka mlevi na kumtaja kwa vijembe. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, mstari wa 16, unatuagiza sisi sote kuungamiana na kuombeana, wala haukuwatenga walevi peke yao. Asiyekunywa naye ana lake la kuungama.

Bwana atupe masikio ya kusikiliza na midomo ya kutunza siri za ndugu zetu. Amina.